Mwongozo Kamili: Kumwandaa Kijana Mwenye Usonji Kuingia Utu Uzima

Kila mwaka wazazi hurudi na kilio kile kile: kijana ametimiza miaka 18, kitengo chake cha elimu maalumu shuleni kimesema muda wake umekwisha, na sasa anashinda sebuleni kuanzia asubuhi hadi usiku. Wamejaribu kumfundisha kufua, kwenda dukani na kupanda daladala, na kila kitu kikakwama baada ya wiki mbili. Ukiwahoji jinsi walivyofanya, unakuta makosa mawili yanayojirudia. Kazi ilianza siku shule ilipokwisha, yaani imechelewa. Na msaada wa mzazi ama uliondolewa wote kwa siku moja, ama haukuondolewa kabisa.

Mwongozo huu unarekebisha makosa hayo mawili. Umekusudiwa familia iliyoko Dar es Salaam yenye kijana wa miaka 13 au 14 na kuendelea, awe anazungumza au hazungumzi. Mwenye miaka 22 naye aanze hatua ya 1 kama wengine, kwani usonji (autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia, ni hali ya maisha yote na kujifunza hakukomi kwa kutimiza umri fulani.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na RITA (wakala wa serikali wa usajili), pamoja na nakala zake kadhaa. Kama hana, anza nacho leo, kwa maana mlango wa karibu kila ofisi utakayopitia unafunguliwa na karatasi hiyo.
- Ripoti ya daktari inayotaja usonji kwa maandishi. Maneno ya mdomo hayamsaidii afisa anayejaza fomu.
- Daftari gumu la kaunta kwa ajili ya kumbukumbu, na faili moja la nyaraka.
- Picha za vitu vya nyumbani kwake mwenyewe: beseni lake, kituo chake, duka lake. Zipige kwa simu, kisha zichapishwe stesheneri na kupigwa laminesheni. Michoro ya kupakua mtandaoni huwachanganya vijana wengi, kwa kuwa beseni lililochorwa si lile wanalolijua.
- Simu ya kitochi, yenye namba tatu tu zilizohifadhiwa.
- Sarafu za nauli.
- Kizuia kelele cha masikioni, ikiwa honi na muziki wa gari humsumbua.
- Watu wawili wazima, mbali na wewe, waliokubali kushiriki. Hili ndilo wazazi wengi hulidharau, nalo ndilo litakaloamua hatua ya mwisho.

## Hatua ya 1: Andika hali ilivyo, si unavyodhani

Kwa wiki moja, usifundishe lolote. Andika kila shughuli ya siku ya kijana, kuanzia kuoga hadi kulala, na mbele ya kila moja weka alama: anafanya mwenyewe, anafanya akikumbushwa, anafanya akishikwa mkono, au anafanyiwa.

Sababu ni kwamba mama aliyemlea mtoto miaka 14 hazioni tena kazi anazozifanya kwa niaba yake. Anasema kijana anaoga mwenyewe, kumbe maji amemwekea yeye, dawa ya meno ameipaka yeye, na yuko mlangoni akisema, "Mgongo! Haya, sasa miguu."

Usiandike kile ambacho angeweza kufanya siku akiwa na hali nzuri. Andika alichofanya. Umefaulu ukiwa na kurasa ambazo ndugu mwingine akizisoma ataweza kubashiri siku ya kijana bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Chagua mambo matatu, na moja alichague yeye

Kutokana na kurasa hizo, chagua stadi tatu za miezi mitatu ijayo. Moja ihusu mwili wake, moja ihusu kazi ya nyumbani au nje, na ya tatu aichague kijana mwenyewe. Asiyezungumza awekewe picha mezani na aachiwe muda wa kutosha aguse moja. Rudia siku nyingine ukiwa umebadilisha mpangilio wa picha, ili uhakikishe kwamba anachagua kitu na si upande wa meza.

Chaguo lake likiwa ni kujua kuwasha redio na kutafuta stesheni ya mpira, liheshimu. Kijana ambaye kila jambo analofundishwa limetoka kwa watu wengine hujifunza kutii tu, na utii huo una hatari yake, kama tutakavyoona katika hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Gawanya kazi, kisha fundisha kuanzia mwisho

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu wengi hukwama hapa.

Chukua kufua shati. Mzazi husema, "Fua mpaka litakate," na kijana anasugua kola ile ile nusu saa nzima, kwa kuwa hakuna aliyemwonesha kutakata kunaonekanaje. Igawanye kazi katika vitendo vinavyohesabika: kuloweka, kupaka sabuni kola, kwapa na mikono, kusugua kila sehemu mara kumi, kusuuza beseni la kwanza, kusuuza beseni la pili, kukamua, kuanika kambani, kubana vibanio viwili.

Siku za mwanzo, fanya vyote wewe huku akitazama, umwachie kubana vibanio peke yake. Akishalizoea hilo, mwachie kuanika na kubana. Kisha kukamua, kuanika na kubana. Na hivyo hivyo ukirudi nyuma hadi kuloweka. Faida ya kuanzia mwisho ni kwamba kila siku yeye ndiye anayeikamilisha kazi na kuliona shati liko kambani. Ukianzia mwanzo, anafanya sehemu ngumu kisha wewe unamalizia, naye haoni kwa nini alisumbuliwa.

Sasa suala la kupunguza msaada. Msaada wa mkono juu ya mkono huonekana mkubwa, lakini ni rahisi kuuondoa: kutoka kiganjani unahamia kwenye kiwiko, kisha begani, kisha unaacha. Msaada mgumu kuuondoa ni maneno. Kijana anayeambiwa "haya, suuza" kila siku hujifunza kwamba sauti yako ni sehemu ya kazi, na usiposema husimama akikungoja. Kwa hiyo fundisha ukiwa kimya kadiri iwezekanavyo, ukionesha kwa kidole kwenye picha iliyobandikwa ukutani. Ukilazimika kusema, sema mara moja, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Vijana wengi wenye usonji huhitaji muda kulichakata neno. Anayerudia haraka haraka hukatiza jibu lililokuwa njiani.

Tahadhari: siku akiwa na homa, hajalala, au nyumbani kuna wageni wa msiba, usipandishe kiwango. Rudi kwenye hatua anayoimudu na uandike sababu daftarini.

Umefaulu pale anapomaliza kazi nzima wewe ukiwa chumba kingine, kwa siku tano mfululizo, na kisha akaimaliza pia mbele ya mtu mwingine. Sharti hilo la pili lisiachwe, kwani stadi inayofanyika mbele ya mama peke yake bado haijahamia kwa kijana.

## Hatua ya 4: Mwili, faragha na haki ya kukataa

Balehe haisubiri kijana aelewe. Humjia kwa umri ule ule wa wenzake, hata kama anaongea maneno mawili tu. Wazazi wengi hunyamaza kwa haya, na matokeo yake binti anaona damu na kudhani ameumia, au mvulana anajishika sehemu za siri kituoni na kupigwa na watu wasiomjua.

Binti afundishwe kutumia pedi kabla ya hedhi ya kwanza: avae pedi kavu mara chache nyumbani, azoee ilivyo, ajue inakotupwa. Pedi ikimkera ngozi, jaribu ya kitambaa. Mvulana aelezwe mapema kuhusu ndoto nyevu, na ajifunze kubadilisha shuka mwenyewe.

Kuhusu kujishika, usimchape wala usimwambie ni dhambi kisha ukaishia hapo. Mpe kanuni moja ya mahali, kwamba jambo hilo hufanyika chumbani, mlango ukiwa umefungwa, akiwa peke yake. Kanuni ya mahali anaweza kuifuata. Aibu peke yake haimfundishi kitu, maana hajui ni sehemu gani ya tendo iliyokukasirisha. Viungo vyote viitwe kwa majina yake halisi, ili siku akilazimika kueleza kilichompata, polisi au muuguzi amwelewe.

Kisha badilisheni mazoea ya nyumbani. Kijana wa miaka 15 anayekumbatia kila mgeni huchekewa leo, lakini kesho atahukumiwa kama mtu mzima. Afundishwe kupeana mkono. Nanyi watu wazima mbishe hodi chumbani kwake.

Tahadhari kubwa: kijana aliyezoezwa kutii kila mkubwa ni windo rahisi. Mfundishe kusema "sitaki" kwa sauti, kwa ishara au kwa kadi, na uiheshimu "sitaki" hiyo kwenye mambo madogo, kama vile kuongezewa ugali. Ukishuku ukatili wa kingono, usimwogeshe wala usifue nguo zake. Mpeleke hospitali haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na utoe taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa aliye chini ya miaka 18, namba 116 ya simu kwa mtoto pia hupokea taarifa.

## Hatua ya 5: Safari moja ya daladala

Usifundishe "kusafiri". Fundisha safari moja, kwa mfano kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Mtoni kwa Aziz Ali, siku zile zile, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati magari hayajashonana. Kuanzia kituo cha mwisho wa ruti kuna faida: gari husimama, viti vipo, na kijana hupata nafasi ya kusoma maandishi ya mbele ya gari bila kusukumwa.

Kwanza, fedha. Awe na nauli kamili ya sarafu mfuko mmoja, na noti moja ya akiba mfuko mwingine. Asiyesoma namba anaweza kutofautisha noti kwa picha: Mwalimu Nyerere ni 1,000, simba ni 2,000, kifaru ni 5,000, tembo ni 10,000. Akiba iwe simba au Mwalimu. Tembo huzua mjadala wa chenji, na mjadala na konda si somo la mwanzo.

Pili, kushuka. Achague alama mbili kabla ya kituo chake, zisizohamishika. Bango la tangazo linaweza kubadilishwa wiki ijayo, bali msikiti au kituo cha mafuta kitakuwepo. Akiona alama ya pili, aseme "Shusha!" Asiyezungumza awe na kadi yenye jina la kituo kwa herufi kubwa, aioneshe anapolipa nauli. Makonda wengi hushirikiana vizuri wakielezwa mapema. Tatizo hutokea pale wanapodhani kijana amewadharau kwa kutojibu.

Tatu, umbali wako. Kaa kando yake ukiwa kimya. Kisha kiti cha nyuma yake. Kisha mbali ndani ya gari lile lile, kila mmoja akijilipia. Kisha ndugu mwingine ampandishe, wewe umngoje anakoshukia. Mwisho ubaki nyumbani, naye apige simu akifika. Usivuke kutoka umbali mmoja kwenda mwingine kabla hajafanikiwa safari tano mfululizo bila kusaidiwa. Mzazi anayetoka kiti cha kando na kubaki nyumbani moja kwa moja ndiye yule anayemtafuta kijana hadi usiku, kisha anaapa kwamba hatarudia.

Nne, mambo yakiharibika. Dar es Salaam gari hukatisha ruti, konda akatangaza "mwisho hapa" katikati ya safari, tairi hupasuka, mvua za masika hufunga njia. Kwa matatizo yote haya mpe jibu moja tu: shuka, simama kwenye duka la dawa au kituo cha mafuta, piga simu, usiondoke mpaka mtu unayemjua afike. Kisha lifanyieni mazoezi kwa makusudi, mkipitiliza kituo mkiwa pamoja ili alione jibu hilo likifanya kazi. Asipande bodaboda isipokuwa ya mtu uliyemtambulisha kwake wewe mwenyewe, kwa jina na sura.

Kadi ya utambulisho yenye namba zako za simu ikae mfukoni. Kuining'iniza shingoni ikiwa na maneno "ana ulemavu" ni kumtangaza kwa vibaka.

Umefaulu siku gari litakapokatisha ruti kweli, naye akakupigia akiwa amesimama mahali sahihi.

## Hatua ya 6: Nyaraka za miaka 18

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, utoto hukoma kwa kutimiza miaka 18. Kuanzia hapo ofisi nyingi hutaka kumsikia yeye, si wewe.

Miezi michache kabla, nenda serikali ya mtaa ujitambulishe, na umwone afisa ustawi wa jamii ili kijana aingizwe kwenye orodha ya watu wenye ulemavu wa eneo lenu. Akitimiza miaka 18, aandikishwe NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Namba ya NIDA ndiyo itakayomwezesha kusajili laini ya simu na kufungua akaunti ya benki. Majina ya kwenye cheti cha kuzaliwa, ya shule na ya fomu yafanane herufi kwa herufi. Tofauti ya "Mohamed" na "Mohammed" hurudisha watu nyumbani.

Zoezi la NIDA lenyewe huwashinda vijana wengi kwa sababu ya foleni, taa ya kamera na kushikwa vidole. Lifanyieni mazoezi nyumbani: akae kwenye kiti mbele ya simu inayopiga picha, abonyeze kila kidole kwenye kioo kilicholala mezani, atie sahihi ile ile kila siku. Siku yenyewe fika mapema na umweleze afisa kabla zamu haijafika.

Kama kijana hutibiwa kwa bima kupitia kwako, uliza kabla ya siku ya kuzaliwa kama ataendelea kuwa mtegemezi wako. Ikiwa kuna mali au uamuzi mzito unaohitaji mtu wa kumwakilisha kisheria, tafuta msaada wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeuwekea utaratibu kwa wasio na uwezo. Usitie sahihi kwa niaba yake kimya kimya.

## Hatua ya 7: Afya

Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi ya watu wengine, na ujana ni mojawapo ya vipindi kinapoanza. Kukodoa macho bila kuitika kwa sekunde kadhaa, kuanguka au kukojoa ghafla usingizini ni sababu ya kumwona daktari, si mganga.

Vivyo hivyo, kijana aliyekuwa mtulivu akianza kujipiga kichwa au kuvunja vitu, tafuta kwanza jino, sikio, tumbo au choo kigumu. Asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa mwili. Hakuna dawa inayoondoa usonji wenyewe. Zipo za kupunguza hasira kali, na baadhi yake, risperidone ikiwamo, huongeza uzito, kwa hiyo apimwe kila mnapokwenda kliniki. Muulize daktari wa watoto, mapema, kijana atahamishiwa kliniki ipi ya watu wazima, na muombe muhtasari wa maandishi.

## Hatua ya 8: Kazi

Usianze na swali la kazi gani zinapatikana. Rudi kwenye daftari la hatua ya 1 uangalie anachofanya bila kuambiwa. Anayepanga chupa kwa ukubwa anaweza kufunga bidhaa dukani. Anayependa ratiba isiyobadilika anaweza kulisha kuku na kukusanya mayai kwa saa maalum.

Mafunzo yanaweza kupatikana VETA (vyuo vya ufundi stadi) au katika chuo cha watu wenye ulemavu cha Yombo, wilayani Temeke. Nenda na kijana mwenyewe, mkae karakana moja kwa saa nzima, umtazame anavyostahimili kelele za mashine. Kwa upande wa mtaji, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Na kwa mwajiri, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Itaje kwa adabu, baada ya kuonesha anachoweza kijana. Ukiitanguliza, unapata nafasi ya kukalishwa getini bila kazi.

Mpe mwajiri ukurasa mmoja: anachofanya vizuri, namna ya kumpa maelekezo (kwa maandishi au picha, moja baada ya lingine), kinachomkera, na la kufanya akizidiwa. Mwanzo awe na saa mbili kwa siku. Kujitolea bila malipo kuwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, kwa maana nimeona vijana "wakijifunza" kufagia ghala moja mwaka wa tatu. Mshahara uingie kwenye akaunti yake.

## Hatua ya 9: Mtu wa pili

Wale watu wazima wawili uliowaandaa kabla ya kuanza sasa wanachukua zamu. Kaka na dada waulizwe, wasipangiwe. Dada mkubwa aliyekabidhiwa kwa sababu tu ni wa kike mara nyingi huolewa na mzigo ukarudi palepale. Andika wosia, ambao RITA husaidia kuuandaa na kuuhifadhi, na uliache faili: nyaraka, dawa na vipimo vyake, ratiba ya siku, vyakula asivyokula, maana ya ishara zake, na maelezo ya safari yake ya daladala.

Kisha mwachie kijana mmoja wao na uondoke nyumbani, Ijumaa hadi Jumapili. Umefaulu ikiwa mtu huyo alilitumia faili badala ya kukupigia simu, na uliporudi ukakuta ameongeza mistari kwenye ukurasa wa ishara, kwa kuwa ameona jambo kwa kijana ambalo wewe hukuwahi kuliandika.